Asiye na Miti Hakimbilii Moto

Mlionisindikiza kwa keki na vitenge mliniomba niandike niliyoyaona kazini kabla kumbukumbu nazo hazijastaafu. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaulizwa habari za vyeo wala za mshahara. Vyeo vyangu vilikuja taratibu kama konokono mwenye goti bovu, na mshahara mnaujua, ndio huo huo wenu. Nitaandika nilivyoanza, nitamwandika mzee aliyenifundisha, kisha kesi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo chai inanigeukia mdomoni.

Ofisi ya ustawi wa jamii Makambako niliingia kwa mlango wa nyuma, ufagio mkononi. Nilikuwa binti wa Mawengi mwenye darasa la saba na sweta moja. Siku ya kwanza nilifagia kwa bidii hata mafaili yakapiga chafya. Wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanawake wengi na wanaume wachache, na mimi kwa ushamba wangu nikadhani ni foleni ya hospitali, maana nyuso zilikuwa zile zile. Mchana nikamuuliza afisa hawa wanaumwa nini. Akanijibu, "Ndoa." Akaendelea kula muhogo wake.

Afisa huyo ndiye Mzee Chaula, Mkinga wa Makete, mrefu, mwembamba, mwenye koti la mvua ambalo nadhani alizaliwa nalo. Ndiye aliyenisukuma shule ya jioni. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha kukodi nyuma ya gereji, karibu na njia panda. Malori ya Tunduma na ya Songea yalipofunga breki, mwalimu alinyamaza na kusubiri, kama mchungaji anavyosubiri mtoto amalize kulia kanisani. Hisabati niliipata vipande vipande, na naamini nusu ya kanuni za pembetatu ilipakiwa kwenye lori ikaenda Zambia. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na watoto wawili nyumbani na wa tatu tumboni, ambaye alinipiga teke kila nilipokosea. Nilifaulu kwa msaada wake.

Siku Mzee Chaula aliponiruhusu kwenda naye nje ya ofisi, tulikwenda kwa mume mmoja aliyekuwa ameachana na mkewe. Mahakama ilikuwa imeagiza mke apewe makochi. Mume akasema makochi aliyauza zamani, hata sura yake ameisahau. Mimi nilianza kumhubiria. Mzee Chaula akaniminya kiwiko, akamwambia yule bwana kwamba tumetoka mbali, kama ana mayai tungenunua. Bwana akaanza kutoka jasho, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, ambapo Makambako hata moto wenyewe unatetemeka. Mayai yalikuwa mabandani. Tulipofungua, kuku walikuwa wamekalia makochi ya mahameli kwa heshima kuliko wazazi wa bwana harusi. Jogoo peke yake alikuwa amechukua lile la watu watatu.

Njiani kurudi Mzee Chaula akanipa somo ambalo sikulipata chuoni baadaye. Alisema usimuulize mtu ana nini. Atakuambia hana. Muulize anafanya nini kila msimu. Mali haikai kimya, alisema, mali ina kazi. Ng'ombe aliyefichwa kwa rafiki lazima akatiwe majani. Pikipiki iliyoandikwa jina la mjomba lazima imwagiwe mafuta. Mbao zilizolazwa chini ya paa la mtu mwingine lazima zigeuzwe zisipinde. Ukimwona mtu anafanya kazi ya kitu asichokuwa nacho, mpishe, lakini mfuate.

Nilimfuata Mzee Chaula na somo lake mpaka alipostaafu akarudi kwao Makete, na mimi nikahamishiwa Njombe. Vifaa vya kazi nawatajia, maana siku hizi naona mnatembea na simu tupu. Buti za mvua, kwa sababu mvua ya Njombe inanyesha miezi kumi na minne kwa mwaka. Chupa ya chai, kwa sababu mtu anayelia husema ukweli baada ya kikombe cha pili. Tepu ya kupimia, kopo la rangi na brashi, kwa sababu mgawanyo wa mali unaanzia karatasini lakini unaishia ukutani na mpakani, na hapo ndipo watu hushikana mashati. Na leso za ziada. Ofisi haitoi leso. Nimewahi kuandika ombi la leso, bado nasubiri jibu.

Sasa nije kwa Mama Isaya.

Nilimfahamu yeye na mumewe hukumu ikiwa imeshatoka. Mume, Ezekia, alikuwa fundi seremala mwenye karakana karibu na soko la Njombe, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata siku ya kukata mbao. Mke, Eliza, alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya nyumba, paini na miwati, baadaye na parachichi. Mikono yake ilikuwa na udongo ambao sabuni zote za mkoa zisingeutoa. Walizaa mtoto wa kiume, Isaya, kisha mabinti wawili. Nywele zilipoanza kubadilika rangi, Ezekia akapata nyumba nyingine Makambako, yenye mwanamke ndani yake. Baraza likasuluhisha likashindwa, mahakama ikavunja ndoa na kugawa mali.

Mahakamani, nilisimuliwa, Ezekia alisifiwa kwa ukweli. Alitaja kwa mdomo wake nyumba, shamba la viazi, ng'ombe wawili wa maziwa, randa, misumeno, kabati la vyombo, na mwishoni akakohoa akaongeza kwamba kuna na kikaango kimetoboka. Watu walicheka. Hata mimi niliposimuliwa nilicheka. Vijana, mwogopeni mtu anayekumbuka kikaango. Mama Isaya alipoulizwa amechangia nini katika mali hizo, alisema anaotesha miche. Kitalu kikahesabiwa pamoja na kupika na kufua. Akaondoka na ng'ombe mmoja, kipande cha shamba la viazi na vyumba vya uani, na akashukuru, kwa sababu alidhani amepewa sehemu ya vyote vilivyokuwepo.

Ezekia alitakiwa kutoa matunzo ya wale mabinti wawili, na kwa hilo ndipo alipokuwa mgeni wangu. Kila mara alikuja na sababu mpya iliyopigwa pasi. Leo mbao zimepanda bei, kesho zimeshuka, na kwa namna ambayo sijaielewa yote mawili yalimfilisi.

Siku ninayoisema ilikuwa kiangazi, wakati upepo wa Njombe unakausha hata mate. Ezekia alikaa mbele yangu, koti ameliweka kwenye mgongo wa kiti. Mama Isaya alikuwa kwenye benchi kwenye korido, kwa sababu nilishajifunza kutowaweka chumba kimoja. Bwana yule alikuwa ananieleza kwa sauti ya sala kwamba hakimu amegawa kila kitu, amebakiwa na tai hii tu, na kama nataka niichukue nikawapikie watoto. Simu yake ikaita.

Alisikiliza. Aliuliza, "Upande gani?" Kisha akauliza, "Upepo unaelekea wapi?" Hakungoja zaidi. Alisimama, akaangusha chupa yangu ya chai, akatoka mbio. Nilimwona dirishani anaparamia pikipiki ambayo ilikuwa haijasimama. Koti lake likabaki kitini. Njombe kuacha koti ni sawa na kuacha mguu.

Kwa ambao hamkukulia huku kwetu, nieleze. Miti ndiyo benki yetu. Mtu anapanda paini leo, anasubiri miaka mtoto anazaliwa hadi anaota ndevu, ndipo anavuna. Kwa hiyo adui si mwizi, adui ni moto. Moshi ukionekana mlimani, mtu asiye na miti huko anaangalia, anasema poleni, anarudi kwenye chai yake. Mwenye miti hapo hasemi kitu. Anakimbia. Nimemwona mchungaji anatoka katikati ya baraka. Nimemwona bwana harusi, na nadhani hakurudi.

Mama Isaya alisimama mlangoni. Aliangalia koti, akaangalia chai inavyotiririka chini ya meza.

"Kapigiwa na nani?" akauliza.

"Sijui. Ameuliza upepo unaelekea wapi."

Aliingia akakaa polepole kwenye kiti alichokuwa amekalia mumewe.

"Ana miti," alisema. Kisha akanigeukia: "Mama Ustawi, huyu mwanamume ana miti, na mimi ndiye niliyeiotesha."

Akanieleza. Kila masika, miaka nenda rudi, Ezekia alikuwa anapakia viriba vya miche ya paini kwenye gari la kukodi na kumwambia mkewe kwamba amepata mteja upande wa Lupembe. Mteja mzuri, ila ana matatizo ya kulipa. Mara amefiwa, mara chai yake haijanunuliwa kiwandani. Mama Isaya hakuwahi kumwona mteja huyo. "Nilikuwa namwombea," aliniambia. "Niliona ana mikosi mno."

Kesho yake tulipanda lori linalokwenda kukusanya majani ya chai, mimi na yeye kiti cha mbele, dereva akajisogeza kwa adabu kama tumebeba maiti. Tulishuka kwenye bonde ambalo bado lilikuwa na moshi. Upande mmoja wa kilima ulikuwa mweusi kabisa. Upande wa pili paini zilikuwa zimesimama kijani, na katikati ulipita ukanda mpana uliofyekwa hadi udongo. Huo ndio wanaouita barabara ya moto. Mtendaji wa kijiji alitupokea, mtu mchovu mwenye nyusi zilizoungua. Tulisalimiana kamwene, akatupa pole ya safari, na kabla hatujauliza lolote akaanza kumsifu Baba Isaya. Alisema jana bila yule mzee bonde lote lingekwisha. Amepigana na moto kwa matawi mabichi, akiwa na shati na tai, hadi alfajiri ndipo wamemsindikiza.

Nikauliza shamba lake ni lipi. Mtendaji akaonyesha kijani chote kile, kuanzia ukingo wa barabara ya moto mpaka mtoni. Akasema shamba la Isaya.

"Isaya yupi?" Mama Isaya aliuliza.

"Mwanawe. Ndilo jina aliloandikisha kijijini. Ila huyo kijana barabara ya moto hatujawahi kumwona. Anakuja baba yake."

Hapo yakupasa kujua desturi ya bonde lile. Kabla ya kiangazi kila mwenye miti anakuja na panga na jembe lake, wanafyeka barabara ya moto pamoja, na huwezi kutuma kibarua. Ukituma kibarua wanamrudisha, na jina lako linageuka wimbo kwenye vilabu vya ulanzi. Wanasema mtu asiyetoka jasho kwenye barabara siku ya amani atawakimbia siku ya moto. Ezekia alijua kuficha jina. Jasho hakuweza kulificha, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuilinda miti yake.

Mama Isaya aliingia ndani ya shamba peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Alishika shina moja, akashika la pili, kama mtu anayewasalimia watoto wa shule. Akaniambia bila kugeuka kwamba kwa unene wa mashina, miche ya mistari ile ya juu aliimwagilia kitaluni akiwa na mimba ya binti yake mdogo, alikuwa anapumzika kila debe. Kisha akauliza kama nadhani Isaya anajua. Nilitaka kusema hapana. Yeye naye alitaka niseme hapana. Tukatazamana hivyo, tukarudi kwenye lori.

Isaya wakati huo alikuwa dereva wa Fuso la mbao Makambako, kijana mkubwa, mwenye sura ya mama yake na mabega ya baba yake. Tulimkuta kwenye kibanda cha chipsi karibu na maegesho. Alisimama, akatupa shikamoo mbili za adabu, akatutafutia stuli. Mama yake hakukaa.

"Isaya, una shamba Lupembe?"

Kijana aliiweka chini njiti ya kulia chipsi.

"Baba alisema nisikwambie mpaka mambo yaishe."

"Mambo gani?"

"Ya mahakama."

Nimekaa kazini miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na nimesikia matusi ya kila kabila. Sijawahi kusikia neno lililompiga mtu kama hayo mawili. Mama Isaya alishika nguzo ya kibanda.

"Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama pale naulizwa nimechangia nini, ulikuwa unajua."

"Mama, shamba lile ni langu. Baba ameniandikia mimi, mtoto wa kiume. Nilikwenda kupanda mwenyewe likizo, nikiwa kidato cha pili. Ukidai, humdai baba. Unanishtaki mimi."

"Miche uliitoa wapi?"

"Kitaluni."

"Kwa nani?"

Isaya aliangalia barabara, malori yanavyopita. Kisha akasukuma sahani yake kuelekea kwa mama yake. "Mama, kula basi," alisema. Alimaanisha, na ndilo lililokuwa baya zaidi.

Nilimweleza Mama Isaya sheria ilivyo. Mali iliyochumwa ndani ya ndoa haibadiliki kuwa ya mtoto kwa sababu jina la mtoto limebandikwa juu yake. Anaweza kurudi mahakamani aseme mali hii ilifichwa, hata kama hukumu ilishatoka. Ila Isaya lazima aitwe, asimame, ajibu. Hakuna njia ya kupita pembeni yake. Ezekia alijua hivyo. Wengine huficha mali chini ya paa la jirani, huyu aliiweka nyuma ya mtoto, ili mkono wowote utakaonyooshwa kuifikia umguse mtoto kwanza.

"Nikishinda," Mama Isaya aliniuliza, "Isaya atakuwa nani wangu?"

Nilikuwa na cheti ukutani, kitabu cha sheria mezani na chupa mpya ya chai. Nilimwambia sheria haijafika huko.

Habari ilienea, maana Njombe ni mji ambao ukipiga chafya mtaa wa Joshoni, mtaa wa Ramadhani wanakuambia pole. Shangazi walikuja, wanawake wa kanisa walikuja, wote na neno moja, kwamba mama hashtaki tumbo lake. Wengine walileta na mahindi mabichi ili neno liingie vizuri. Aliwasikiliza, akachemsha mahindi, wakala. Mwishowe akawajibu kwamba tumbo lake ndilo lililomshtaki kwanza, yeye anajibu tu. Baada ya siku kadhaa alikuja ofisini amevaa viatu vya ibada. Alikaa, akaweka mikono yake yenye udongo juu ya meza yangu, akasema, "Andika."

Mahakama ilizuia miti isikatwe mpaka shauri liishe, na hilo lilisaidia, kwa sababu wenye mashine za kupasulia mbao, zile tunazoziita dingdong, walikuwa wameshaanza kupita bondeni wakitazama juu kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Siku ya kusikilizwa nilikaa nyuma. Isaya aliapa na Biblia mkononi kwamba shamba ni lake, amepewa na kulitunza mwenyewe. Hakumwangalia mama yake. Mama yake alimwangalia muda wote, kama anavyoangalia mche usiotaka kushika.

Mtendaji alieleza habari za barabara ya moto na nani hutoka jasho pale kila mwaka. Alisema kwa upole, bila kumkasirikia mtu. Kisha hakimu akamuuliza Isaya swali la kawaida kabisa. Jirani yako wa upande wa juu, ambaye mnafyeka naye mpaka, anaitwa nani?

Isaya aligeuza shingo akamtazama baba yake.

Ezekia alitazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka, ingawa ukumbi ulikuwa umejaa watu ambao wangecheka kwenye msiba wao wenyewe.

Mama Isaya alipewa nusu ya shamba. Mngetegemea ningecheza. Nilitoka nje nikasimama juani, na niliona hata jua la siku ile limechuja. Kijana yule alikuwa amemkana mama yake kwa kiapo, mbele ya watu waliombatiza, na hakuna hukumu inayoweza kulirudisha hilo nyuma. Nilimaliza leso zangu za ziada mwenyewe.

Siku ya kugawa tulipanda bondeni mimi, mtendaji, mama, baba na mtoto. Nilikuwa na tepu yangu na kopo la rangi nyekundu. Tulikubaliana mstari uanzie kwenye jiwe kubwa juu na kushuka hadi mtoni, na kila mti wa mpakani upigwe alama upande wake. Kazi ilikuwa inakwenda. Mama Isaya alishika brashi mwenyewe. Hatujafika katikati, Ezekia akatoa simu akaanza kuongea na dalali, akisema upande wake uko wazi, aje kesho na mashine, atauziwa miti yote ikiwa imesimama.

Isaya alimsogelea. Alisubiri simu ikatike. Akauliza kwa sauti ndogo, kijana mwenye mabega yale, "Na mimi baba?"

Ezekia alirudisha simu mfukoni.

"Wewe uliapa mahakamani kwamba ni yako," alimwambia, "na mahakama imesema si yako. Sasa nikupe nini?"

Akapanda kilima akaenda zake, anakagua mashina yake moja moja.

Mtendaji alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa buti za mpira. Isaya alisimama kati ya miti ya baba na miti ya mama, mikono imening'inia. Nilimwangalia Mama Isaya nikidhani sasa ataangusha brashi, atamwendea, kwa sababu nimezoea mama wa hivyo na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Alichovya brashi, akaisugua kwenye ukingo wa kopo isidondoshe, akapaka mti uliofuata.

"Mama Ustawi, vuta tepu," alisema.

Nikavuta tepu. Tulimaliza mstari mpaka mtoni.

Kabla ya kustaafu nilipita kule kwa kazi nyingine, nikamtembelea. Upande wa Ezekia ni visiki na vumbi. Fedha zilishuka Makambako, na nasikia yule mwanamke naye ameanza kuuliza maswali ofisini kwenu, kwa hiyo jiandaeni, na huyo Ezekia muulizeni anafanya nini kila msimu. Upande wa Mama Isaya umesimama, umepogolewa vizuri, barabara ya moto imefyekwa, na yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kufyeka na wanaume wa bonde wanamwita mwenzetu. Juu ya ngazi, kwenye paini ya mbele, kulikuwa na kijana anakata matawi. Nilimjua kwa mabega.

Alishuka akanipa shikamoo, akarudi juu. Fuso lilishachukuliwa na mwenye gari, akawa hana kazi, akaja kuomba. Anafika asubuhi na vibarua wengine, anakula nao, analipwa jioni kama wao, anaondoka. Mama yake anamwita "kijana," kama anavyowaita wengine.

Tulikaa kwenye gogo, tukanywa chai. Nikamuuliza, maana nilikuwa nakaribia kustaafu na sikuwa na haja tena ya kuwa na adabu ya ofisi, kama haoni ni wakati wa kumsamehe mtoto.

Alinishangaa kidogo.

"Nilimsamehe zamani," alisema, wala hakushusha sauti. "Ndiyo maana nampa kazi. Miti simpi."

Panga juu ya ngazi lilisimama. Kisha likaendelea kukata.